Mlango wa Nyuma Ulipoanza Kukwama

Najua mnasubiri niendelee na mada ya viwavijeshi vamizi, nitaendelea nayo. Leo naomba tuzungumze nyumba. Wiki iliyopita nilimtembelea mkulima mmoja kuangalia ghala lake kabla hajaingiza mavuno, na pale juu ya kona ya dirisha nikaona ufa unaopanda kwa mshazari kuelekea kwenye linta. Ufa wa namna ile naufahamu vizuri. Nimelala nao chumba kimoja kwa karibu miaka miwili.

Kwa hiyo nitaanza na kwangu, halafu nitarudi kwake.

Kiwanja changu nilikinunua mwaka 2017. Kipo chini kwenye tambarare, karibu na barabara ya kwenda sokoni, nyasi nzuri, hakuna jiwe hata moja la kukwaza jembe. Viwanja vya juu kwenye mwinuko vilikuwa ghali zaidi na vina mawe mengi, nikaona wanaovinunua wanapoteza pesa. Sasa sikilizeni vizuri: mimi nina stashahada ya kilimo kutoka Ukiriguru. Darasani tulifundishwa kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio ukishuka kutoka kilimani kwenda bondeni. Juu ni mawe na udongo wa kichanga, katikati udongo mwekundu, na chini kabisa ni mbuga, ule mweusi mzito. Mtaalamu aliyeupa mpangilio huo jina la katena alikuwa Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga miaka ya 1930, na baadhi ya mifano yake ilitoka hapa hapa Kanda ya Ziwa, Usukumani. Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri. Halafu nikaenda kununua mbuga ili nijenge nyumba.

Udongo wa mbuga kwa mkulima ni mali. Unashika maji, pamba inaukubali, mpunga unaukubali. Hata Waingereza waliuita udongo mweusi wa pamba kwa sababu ya mashamba ya pamba ya India yenye udongo kama huu. Lakini tabia inayoufaa mpunga ndiyo inayoiua nyumba. Ukinywa maji unavimba. Ukikauka unasinyaa na kupasuka. Nendeni mbugani mwezi wa nane muone, kuna nyufa ambazo fimbo ya kuchungia inazama mpaka nusu. Sasa fikiria umeweka ukuta wa tofali za kuchoma juu ya kitu kinachopanda na kushuka kila mwaka, tena hakipandi sawasawa pande zote.

Tulijenga kuanzia Juni hadi Septemba 2018, kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama zege. Fundi alichimba futi 2 akaniuliza, "Bwana shamba, tushuke zaidi? Huu bado mweusi." Nikagonga chini kwa sururu, ikaruka. Nikamwambia hapo panatosha, hapo ni jiwe. Kushuka zaidi kulikuwa na maana ya lori jingine la mawe na mifuko mingine ya saruji, na mkopo wa SACCOS ulikuwa umeshaanza kukatwa kwenye mshahara. Nasema hivi ili mtu asije akamlaumu fundi. Fundi aliuliza. Ugumu wa udongo wa mbuga wakati wa kiangazi si ugumu, ni kiu tu.

Tulihamia Januari 2019, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi.

Mvua za vuli za mwaka ule mnazikumbuka. Kuanzia Oktoba 2019 mvua haikukatika, Afrika Mashariki nzima ililia, na Ziwa Victoria likajaa mpaka mwaka uliofuata likafika kwenye makazi ya watu. Mwezi wa kumi na moja mlango wetu wa nyuma ukaanza kukwama. Niliuinua kwa bega, ukafunga. Kesho yake hivyo hivyo. Nikapaka grisi kwenye bawaba.

Hapa nisimame kidogo. Mlango wa mbao ukikwama wakati wa mvua, usipige kelele bado. Mbao huvimba zenyewe kwa unyevu, na kiangazi zinarudi. Lakini mlango wetu wa nyuma ulikuwa wa chuma. Chuma hakivimbi kwa mvua. Mlango wa chuma uliokuwa unafunga vizuri ukianza kugusa juu upande mmoja na kuacha mwanya upande wa pili, ujue fremu imepinda, na fremu haipindi kama ukuta haujasogea, na ukuta hausogei kama kilichoubeba hakijasogea. Hiyo ndiyo ilikuwa barua ya kwanza kutoka kwenye msingi, nami nikaijibu kwa grisi.

Barua ya pili aliisoma mama. Januari 2020 aliniita kwenye chumba cha stoo akaniambia, "Mura, ukuta wako umepasuka." Nikaangalia. Ufa ulianzia kona ya juu ya dirisha ukapanda kwa ngazi, kozi kwa kozi, ukifuata viungo vya tofali. Nikamwambia ni lipu tu, mama, lipu mpya hupasuka. Akanyamaza, halafu akasema nyumba ya bibi yako ilikuwa inapasuka kila kiangazi, na kila kiangazi tulikuwa tunaikandika upya.

Nilicheka. Sasa sicheki. Nyumba ya msonge ya miti na udongo inainama na ardhi. Ardhi ikipanda, miti inapanda nayo. Nyufa zinatokea, wanawake wanachanganya udongo na samadi, wanakandika, maisha yanaendelea. Tofali la kuchoma na saruji haviwezi kuinama. Sisi tulibadilisha ukuta tukasahau kwamba ardhi ni ile ile.

Ni kweli kwamba si kila ufa ni ugonjwa. Nyufa nyembamba kama unywele, zinazokwenda huku na huko kama ramani, kwa kawaida ni za lipu iliyokauka haraka au iliyowekwa saruji nyingi. Ukikwangua lipu unakuta tofali ziko sawa. Zile za kuogopa ni za aina nyingine. Zinaanzia kwenye kona za madirisha na milango, zinakwenda kwa mshazari au kwa ngazi, na ukitoka nje unazikuta upande wa pili wa ukuta pale pale. Ukikuta zimepasua tofali lenyewe na si kiungo tu, nguvu iliyofanya kazi hapo ni kubwa. Angalia pia upana. Ufa uliopanuka juu na kuwa mwembamba chini maana yake mara nyingi ni kwamba kona au mwisho wa ukuta unazama. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, katikati ya ukuta ndiko kunakozama. Na kama penseli inaingia kwenye ufa, acha kuzungumza na rafiki zako, tafuta mtu anayejua ujenzi.

Wangu ulikuwa mpana juu. Kona ya stoo ilikuwa inashuka. Nilifanya nini? Februari 2020 nilimwita kijana akajaza kwa saruji, akapiga lipu, nikapaka rangi ya krimu. Palipendeza sana.

Masika ikaja, ufa haukuonekana. Nikamwambia mke wangu, unaona? Umepona. Hili ndilo kosa ambalo nataka kila anayesoma hapa alikumbuke, kwa sababu linawadanganya wengi. Kwenye udongo wa mbuga ufa hujifunga wakati wa mvua, maana udongo umevimba na kuinyanyua ile kona. Haujapona. Umebanwa. Julai ikafika, ardhi ikakauka, ufa ukafunguka tena na kuichana rangi yangu ya krimu, safari hii ukiwa mpana kuliko wa kwanza. Ile saruji tuliyojaza ilikuwa imebaki katikati kama mfupa kooni, imezuia ukuta kurudi mahali pake, kwa hiyo ukuta ukatafuta pengine pa kupasukia.

Kwa nini kona ile na si nyingine? Nilichukua muda kuelewa. Nyuma ya stoo jirani yangu ana mstari wa mikaratusi, hatua chache tu kutoka kwenye ukuta. Kiangazi mikaratusi ile inafyonza maji ya upande ule wote, udongo unasinyaa kuliko upande wa mbele. Halafu nyuma sikuweka gata, niliishiwa pesa. Mvua ikinyesha, bati lote la nyuma linamwaga mguuni mwa ukuta. Piga hesabu nami: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la upande mmoja wa nyumba yangu linafunika kama mita 40 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 30 ni lita 1,200, yaani mapipa 6 ya lita 200, yanamwagwa kwenye mstari mmoja kando ya msingi, na hiyo ni siku moja. Kona ile ilikuwa inakaushwa kuliko zote na kuloweshwa kuliko zote.

Sasa tufike kwenye mahindi, maana hapo ndipo niliumia.

Agosti 2020 niliweka stoo magunia 22 kusubiri bei ya Desemba. Kumi na manne yalikuwa yangu. Manane yalikuwa ya jirani yangu mfanyabiashara, kijana anayejitahidi, ambaye aliniomba nafasi kwa sababu aliniamini. Bwana shamba ndiye anayefundisha hifadhi ya nafaka, atashindwaje kuhifadhi? Nilipanga chaga, zikapungua, magunia matano ya mwisho nikayaweka kwenye jamvi na kuyaegemeza ukuta wa kona. Nilisema ni ya muda tu.

Jamvi lilikuwa limeachana na ukuta, mwanya wa kupitisha jani la mti. Niliuona wakati wa kufagia, nikaona ni kitu kidogo. Vuli ilipoanza, maji ya bati yalizama mguuni mwa ukuta, yakapita chini ya msingi, yakapanda kupitia mwanya ule. Wala hukuona dimbwi. Sakafu ilikuwa na giza kidogo tu, na harufu kama ya nguo zilizokaa kwenye ndoo. Mwishoni mwa Novemba tuliposogeza magunia, yale matano yalikuwa yameganda chini, ukungu wa kijani na njano. Yote matano yalikuwa ya yule kijana.

Alisema tuyapepete, ya juu ni mazima. Mkewe akasema basi angalau kuku wale. Nilikataa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na sumu ile haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupika. Ukimlisha kuku au ng'ombe unaihamisha tu. Tuliyachimbia. Nikamlipa shilingi 250,000 kwa awamu tatu. Alipokea, hakusema neno baya. Lakini mwaka uliofuata mahindi yake alipeleka kwa mtu mwingine, na tukikutana sokoni ananisalimia kwa heshima zote. Heshima ile ndiyo inaniuma.

Baada ya hapo nilifanya kile nilichotakiwa kufanya tangu mlango ulipokwama. Kwanza nilipima. Hauhitaji mashine. Chukua kipande cha gazeti, kipake uji mzito, kibandike juu ya ufa kwa kuukata, andika tarehe. Karatasi ikichanika, nyumba inatembea. Weka pia alama ya penseli pale ufa unapoishia kila upande, na tarehe yake, uone kama unarefuka. Fanya hivyo kiangazi na mvua, maana kipimo cha msimu mmoja kitakudanganya kama kilivyonidanganya mimi. Sakafuni weka gololi ya mtoto, uone inakimbilia wapi. Kona za nje zipime kwa timazi. Fundi mwenye mpira wa maji atakuonyesha kwa dakika chache kama kozi ile ile ya tofali iko usawa mmoja kuzunguka nyumba. Yangu kona ya stoo ilikuwa imeshuka karibu vidole viwili.

Nikaenda Mugumu kuomba ushauri kwa mhandisi. Alikuja, akatazama, hakunicheka. Alisema wengi wanadhani msingi ni habari ya maghorofa. (Nilikumbuka maneno hayo Novemba 2024 lilipoanguka lile ghorofa la Kariakoo, watu wote kijiweni wakizungumza majengo ya mjini huku wameegemea ukuta wa duka wenye ufa.) Akaniambia pia habari ya mnara wa Pisa kule Italia, ambao ulianza kuinama ukiwa bado unajengwa, baada ya ujenzi kuanza mwaka 1173, kwa sababu ardhi ya upande mmoja ilikuwa laini zaidi. Mwishoni waliupunguzia kuinama kwa kuchimba udongo taratibu chini ya upande uliokuwa juu. "Wewe huna pesa hizo," akasema, "kwa hiyo anza na maji."

Maji kwanza. Hilo ndilo la bei nafuu kuliko yote na ndilo watu wanaliruka. Niliweka gata nyuma na kuelekeza maji kwenye pipa na mfereji mbali na nyumba. Tulizungusha sakafu ya zege nje, upana wa mita 1, yenye mteremko kutoka ukutani, ili udongo wa chini ya msingi usiloe ghafla wala kukauka ghafla. Bustani yangu ya gunia, ambayo nimewafundisha wengi wenu kuiweka karibu na jiko ili iwe rahisi kumwagilia, niliihamisha. Nisameheni, iwekeni karibu na jiko lakini si mguuni mwa ukuta. Migomba ya maji ya bafu nayo iondoke hapo. Kuhusu mikaratusi, tulikaa na jirani tukaelewana, akakata mstari ule kidogo kidogo kwa miaka miwili, akauza nguzo. Wataalamu husema mti kama huo ukae mbali na nyumba angalau kwa urefu wake mwenyewe. Msikate yote kwa siku moja, udongo uliozoea kufyonzwa utajaa maji na kuvimba.

Julai 2021 tulibomoa kona ya stoo. Tulishuka futi 5 na zaidi kidogo ndipo tukakutana na moramu. Tulijaza mawe, tukaweka mkanda wa zege wenye nondo kabla ya kuanza kozi za tofali, na karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, ambayo mara ya kwanza niliiona anasa. Kona moja ilinigharimu shilingi 2,300,000. Kiwanja kizima nilikinunua 900,000. Mlango wa nyuma bado unagusa kidogo mwezi wa nne. Sijaurekebisha, naacha uniambie mambo.

Anayetafuta kiwanja sasa hivi, njoo tukachimbe pamoja, sitozi kitu. Chimba shimo la futi 4 au 5 kabla ya kulipa, si baada ya kulipa. Loweka udongo wa chini, ukande kama ugali, usukume kati ya dole gumba na kidole cha pili utoke kama utepe. Ukitoka mrefu kuliko kidole chako bila kukatika, hapo ni mfinyanzi mzito, ongeza bajeti ya msingi au panda mpunga. Uliza wazee palikuwa na nini: kichuguu kilichosawazishwa, shimo la choo la zamani, shimo la kuchimbia udongo wa tofali. Vyote hivyo huacha ardhi iliyolegea hata kama juu pameota nyasi nzuri.

Narudi kwa yule mkulima wa wiki iliyopita. Nilimwonyesha ufa. Alikunja uso akasema, "Bwana shamba, umekuja kuangalia mahindi au umekuja kuangalia umaskini wangu?" Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza habari ya magunia matano, yote, pamoja na yale 250,000. Mkewe alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Chumba chenye ufa ndicho wanacholala watoto watatu, vitanda vimegusa ukuta ule ule.

Hakusema ndiyo. Lakini mama alileta uji kwenye kikombe, nasi tukabandika vipande vitatu vya gazeti, viwili ndani na kimoja nje. Nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino. Kabla sijaondoka watoto walikuwa wanaburuta vitanda kwenda sebuleni, mkubwa analalamika kwamba sebuleni kuna mbu. Nitapita tena vuli ikianza kuona kama karatasi bado ni nzima.